Mlango wa Ofisi ya Parokia



Mimi ni karani wa parokia. Nilisomea ualimu chuoni, nikafundisha miaka michache, kisha nikaitwa kushika vitabu vya parokia yetu. Kazi yangu ni kuandika ubatizo, ndoa, vifo na zaka. Leo nataka kukusimulia kosa langu mwenyewe, maana huenda nawe kigangoni kwako unaye jirani aliyeacha kuja kanisani, wala hujui ni mlango gani uliomfukuza.

Ilikuwa wakati wa masika, siku ya Alhamisi. Mzee mmoja alifika ofisini, miguu imejaa tope hata magotini. Alikuwa ametembea saa tatu kutoka kigango cha mbali. Akabisha hodi, akanisalimu, "Tumsifu Yesu Kristo, mwalimu." Nami nilikuwa nikijumlisha hesabu, nikamjibu bila kuinua kichwa. Akasema mkewe amefariki usiku, anaomba mazishi ya Kanisa.

Nikafungua daftari la zaka. Jina lake nililiona, lakini miaka mitatu mbele yake ilikuwa mitupu. Nikamwambia, "Mzee, kalipe kwanza kwa mwenyekiti wa jumuiya yako, akuandikie barua, ndipo urudi." Hakubishana nami. Alivaa kofia yake akatoka. Sikumwambia akae, wala sikumpa maji.

Paroko alikuwa safarini vigangoni, akarudi Jumamosi. Aliposikia habari, marehemu alikuwa amekwisha kuzikwa na majirani, bila padre wala katekista. Nilitazamia kukemewa. Padre akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Kesho baada ya Misa uje na baiskeli yako. Tutakwenda pamoja."

Tulikuta kaburi bichi kando ya migomba. Mzee akatutolea vigoda, akatuletea maji ya kunywa katika kikombe kisafi, akanipa mimi kwanza. Hapo nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Padre alisali kaburini, akaomba radhi kwa ajili ya parokia nzima. Nami nikapiga magoti nikasema, "Baba, nimekukosea."

Akanijibu, "Mwanangu, mke wangu aliugua miaka hiyo mitatu. Mbuzi wetu wote walikwisha kwa dawa. Ningekueleza, lakini hukuniuliza."

Neno hilo sijalisahau. Daftari halikusema uongo, kwa kuwa kweli hakulipa. Lakini daftari halina mahali pa kuandika sababu.

Jioni ile Padre alinifunulia Sheria ya Kanisa iliyotolewa mwaka 1983. Kanuni ya 848 yataka mhudumu asidai kwa sakramenti zaidi ya sadaka iliyowekwa na wenye mamlaka, tena aangalie wahitaji wasizikose kwa sababu ya umaskini wao. Kanuni ya 1181 yasema maskini wasinyimwe mazishi yanayostahili. Na ile ya 529 yamtaka paroko azitembelee familia, ashiriki mahangaiko na misiba yao, awatafute maskini na walio wapweke. Nilikuwa karani miaka minne bila kuyajua hayo.

Tangu siku hiyo Padre alibadili mambo. Kwanza, mtu akija na msiba, daftari la zaka halifunguliwi. Asiyetoa zaka hutembelewa na wazee wa jumuiya yake, nao humwuliza hali kabla ya neno jingine lolote. Pili, barazani pa ofisi pana benchi na mtungi wa maji, na mimi huinuka kumpokea mgeni. Tatu, baada ya Misa Padre husimama mlangoni, awasalimu watu hata wa mwisho. Nne, kila juma huitembelea jumuiya moja, na swali lake ni moja: "Nani hatumwoni siku hizi?"

Wako waliosema zaka itapotea. Kweli mwaka wa kwanza ilipungua kidogo, na halmashauri ikanung'unika. Padre akawasomea hesabu zote mbele ya waamini, mapato na matumizi, hata senti ya mafuta ya taa. Watu walipoona fedha zao zinakwenda wapi, wakaanza kutoa tena, na wengine wakaleta mahindi na kuku.

Yule mzee sasa yumo kanisani kila Jumapili. Lakini mwanawe mkubwa, aliyemchimbia mama yake kaburi kwa mikono yake, hajarudi. Nimekwenda kwake mara tatu. Hunipokea vizuri, hunipa kiti, tukaongea habari za shamba. Kuhusu kanisa hunyamaza. Nami nitakwenda tena, maana mlango nilioufunga kwa neno moja siwezi kuufungua kwa siku moja.

Msomaji mpenzi, wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Paroko mwema hutuonyesha njia, lakini peke yake hatoshi ikiwa karani ni mkali, mwenyekiti ana dharau, na sisi wenye benchi za mbele hatusogei. Basi Jumapili ijayo tazama karibu nawe. Ukiona mahali pa mtu pako wazi, uliza habari zake. Kisha usingoje Padre aende, nenda wewe.