Nilimsingizia Muuza Vyuma

Uongo wangu kuhusu springi ya lori umemharibia jina mtu anayeuza vyuma vikuukuu hapa Tawa. Mimi ni mhunzi, na mwenye bucha alipokuja kuchukua kisu nilichomfulia kutoka springi hiyo nilimwonyesha ufa, nikamwambia mbele ya wateja wengine kwamba nimeuziwa chuma kibovu. Chuma kilikuwa kizima. Mimi ndiye niliyekiharibu, na nilikiharibu kabla hakijaingia kwenye moto wa mwisho.

Huku Ukambani tumefua chuma tangu zamani, kuanzia vichwa vya mishale hadi tezo za wachongaji wa Wamunyu. Mtu akipita kwenye kibanda cha mhunzi hutazama moto. Hakuna anayesimama kutazama tupa na msasa, na nadhani ndiyo maana hata mimi nilianza kuvidharau.

Springi nyingi za magari zina kaboni inayokaribia asilimia 0.6. Chuma cha namna hiyo kikitoka motoni kikiwa chekundu na kuzamishwa kwenye oili, ngozi yake hupoa na kukaza huku moyo wake ungali moto. Moyo nao unapofika zamu yake ya kukaza, hutanuka, ukaivuta ile ngozi ambayo tayari ni ngumu. Mvutano huo hukipasua chuma palipo dhaifu. Mkwaruzo mmoja mzito uliokingama kwenye makali unatosha.

Ndiyo sababu kisu huandaliwa. Ukishakifua, unakipasha moto hadi sumaku ikatae kukishika, yaani karibu nyuzi 770 za Selsiasi, kisha unakiacha kipoe hewani chenyewe. Unarudia mara mbili au tatu ili mkazo wa nyundo uishe. Matundu ya mpini unayatoboa chuma kingali laini. Makali hayamalizwi hapo: unayabakiza na unene wa kama milimita moja, utayapunguza baadaye kwa jiwe na maji. Alama za grinda unazifuta kwa msasa, ukisugua kwa urefu wa kisu. Na pale ubapa unapokutana na shina la mpini, kona unaiviringa kwa tupa ya duara.

Niliruka karibu yote hayo. Mwenye bucha alikitaka kisu kabla ya siku ya soko, na arubuni yake nilikuwa nimeshainunulia mkaa. Nilikikandamiza kwenye grinda hadi makali yakawa membamba kabisa, kwa kuwa chuma laini hulika upesi kuliko kigumu. Mikwaruzo niliiona. Nilipitisha kidole juu yake nikaihisi, nikajiambia kwamba nitaifuta kisu kikishakaza. Kilipozama kwenye oili kilitoa mlio mfupi, mkavu, nami nikajua kabla sijakitoa. Ufa ulianzia kwenye makali, ukafuata mkwaruzo mmoja hadi katikati ya ubapa.

Hata hapo ningeweza kusema kweli. Niliogopa kudaiwa arubuni, na muuza vyuma hakuwepo kujitetea. Baadaye niliwasikia wahunzi wenzangu wakirudia maneno yangu, na baadhi yao wakaacha kununua kwake. Nikanyamaza. Kunyamaza kule kunaniuma kuliko kisu chenyewe, maana kisu kiliharibika kwa haraka, lakini yeye nilimwacha aumie nikiwa nimetulia na ninajua.

Nimekwenda kwake nikamweleza yote. Hakugomba. Aliniuliza tu kama wale niliowaambia mwanzo nimewaambia na haya. Nilikuwa sijawaambia, na ndiyo maana ninaandika.

Kuna jingine. Kutoka springi ileile nilitengeneza kisu cha pili, kikatoka kwenye oili bila ufa wa kuonekana, nikakiuza sokoni. Kona yake ya shina niliikata mraba kwa msumeno wa chuma na sikuiviringa. Sasa imefunikwa na mpini wa muhuhu wenye ribiti tatu za shaba, kwa hiyo mwenye nacho hawezi kuiona. Kikibanwa kwa nguvu kinaweza kukatika hapo hapo, karibu na vidole. Aliyekinunua asikitumie kwa mifupa wala kubanjua chochote. Akirudishe, hata kama bado kinakata vizuri, nami nitamfulia kingine kwa gharama yangu.