Mgongo Kulia

1 Septemba 2024
Nimekaa barazani katika mtaa wa Kiponda, Zanzibar, tangu jua halijapanda, nachora mlango wa nyumba ya mkabala. Ni wa mtindo wa zamani, kizingiti chake cha juu kimenyooka, hakina upinde kama milango iliyokuja baadaye kwa athari za Kihindi. Ukurasa wa kushoto umekwenda vizuri, wa kulia umenishinda. Mkono wangu unaingia kutokea kushoto, na hapo ndipo ulipo waya wa daftari. Ubavu wa kiganja unapanda juu ya waya, na penseli inayumba kila nikifika kwenye nakshi za mwimo. Anayechora kwa kulia, waya huu haumgusi kabisa kwenye ukurasa ule.

4 Septemba
Nimeligeuza daftari: jalada la nyuma limekuwa la mbele, waya umehamia kulia, linafunguka kama msahafu. Kiganja kinalala juu ya karatasi tupu. Karatasi hazina mistari wala juu na chini, kwa hiyo hakuna kilichopotea. Nimeandika jina langu kwenye jalada la nyuma.

7 Septemba
Bado unga wa penseli. 4B inashika kwenye ngozi na kusambaa kila mahali. Tumefunzwa kuanzia juu kushoto na kuteremka kulia, na kwa mtu wa mashoto njia hiyo inapitisha kiganja juu ya kilichokwisha kuchorwa. Nimeanzia juu kulia. Umbo zima kwa penseli ngumu ya 2H, weusi mwishoni, na kipande cha karatasi laini chini ya mkono. Ukurasa umetoka safi.

Hati ya Kiarabu ingeufaa mkono huu kuliko ya Kilatini, maana inakwenda kushoto na wino mbichi unabaki nyuma ya kiganja. Hata hivyo ni kwenye chuo cha Kurani ndiko kalamu yangu ilikohamishwa zaidi kwenye mkono wa kulia. Kula, nakula kwa kulia kama nilivyolelewa, na adabu hiyo naipenda. Lakini penseli si tonge.

11 Septemba
Jioni nzima na kitabu cha michoro ya Leonardo da Vinci (1452–1519). Aliandika kwa kushoto, toka kulia kwenda kushoto, herufi zimegeuka hivi kwamba ni kioo tu kinachozinyoosha. Kilichonishika zaidi ni mistari yake ya kivuli. Imelala kutoka juu kushoto kuteremka chini kulia, ilhali mtu wa mkono wa kulia kwa kawaida huilaza upande wa pili. Wataalamu huutazama mwelekeo huo wanapotenganisha michoro yake na ya wanafunzi wake. Nikafungua ukurasa wangu wa mlango: mistari imelala vile vile.

Mwalimu mmoja alikuwa akiizungusha karatasi yangu mpaka mistari ilale anavyotaka yeye. Naumia nikikumbuka, maana vivuli ndivyo nilivyokuwa navipatia.

19 Septemba
Kwa mzee anayejalidi misahafu na vitabu vya chuoni.
“Shikamoo mzee.”
“Marahaba mwanangu.”
Nikamweleza daftari ninalolitaka: karatasi nyeupe ya gramu 200, ukubwa wa A5, lishonwe kwa uzi, mgongo uwe kulia. Nilijiandaa kueleza sababu. Hakuuliza.
“Vyangu karibu vyote vina mgongo kulia,” akasema. “Wewe sema unataka unene gani.”
Nimetoka pale na furaha ambayo duka la vifaa vya sanaa halijawahi kunipa.

26 Septemba
Limekwisha, na ni zuri. Kwa kuwa limeshonwa kwa mafungu, linalala bapa. Daftari la gundi hujikunja katikati na kuinua kifundo cha mkono. Nimeliweka juu ya ubao mwembamba, vibanio viwili upande wa kulia, ambako mkono haupiti. Kijaluba cha rangi na kikombe cha maji viko kushoto, ili brashi isidondoshe matone juu ya mchoro ikivuka.

Mwanga nao unataka kupangwa. Ukitoka kushoto, kivuli cha mkono kinaangukia pale pale penye ncha ya penseli. Nautaka kulia. Kwa hiyo milango inayotazama kusini nitaichora asubuhi, na inayotazama kaskazini alasiri. Na mlango wenyewe nauweka kulia kwa ubao, bega lisiuzibe.

6 Oktoba
Mtoto wa dada amekuja. Naye ni mashoto.
“Mjomba, kwa nini kitabu chako kinaanzia nyuma?”
“Hapa ndiyo mbele. Shika.”
Amechora ngalawa, tanga kwanza, kuanzia kulia, bila kuambiwa na mtu. Kitabu hakikumsumbua hata kidogo. Shuleni, anasema, wanakaa watatu kwenye dawati, yeye katikati, na kiwiko chake kinagombana na cha jirani mpaka daftari linaanguka. Jirani analalamika, naye anakemewa. Kesho naongozana na mama yake kumwomba mwalimu amsogeze mwisho wa dawati, upande wa kushoto. Kwa mzee nimeagiza daftari jingine, A6, kurasa chache, karatasi ya gramu 150 itamtosha.