Pesa za Tundu

Mwaka 1945, huko Kajengwa, Makunduchi, kusini mwa Unguja, zilifukuliwa sarafu za Kichina zipatazo 250. Nyingi ni za enzi ya Song, iliyotawala kuanzia 960 hadi 1279. Watawala wake walipiga marufuku, tena na tena, kuzipeleka pesa hizo ng'ambo. Zikavuka bahari vivyo hivyo, mpaka zikafika kwetu.

Nasomea uzamili wa historia, na bibi yangu ni mtu wa Makunduchi. Nilipomhadithia, aliniuliza jambo moja tu: "Hapa zikinunua nini, mwanangu?"

Nikamweleza kwanza zilivyotengenezwa. Shaba iliyochanganywa na bati na risasi iliyeyushwa, ikamiminwa kwenye kalibu. Sarafu zikatoka zimeshikana kama majani kwenye tawi. Zikakatwa, zikachomekwa kwenye fimbo ya pembe nne ili zisizunguke, kisha kingo zikapigwa tupa. Tundu lile la mraba lilifaa pia kupitisha kamba, na pesa zikahesabiwa kwa mitungo ya elfu moja moja. Sarafu moja ilikuwa ya kununulia vitu vidogo vidogo sokoni, huko China. Huku pwani haikuwa na mfalme wa kuitetea.

Bibi akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga. Mlikuwa na senti kumi za mkoloni, zile zenye tundu katikati, zimetungwa kwenye kamba ya makumbi. Mama yake alizipata kwa kusokota kamba. Mumewe aliondoka Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964, akamwambia azitunze mpaka atakaporudi. Mwaka 1966 ikaja shilingi ya Tanzania, watu wakabadilisha pesa zao. Yeye hakubadilisha. Aliambiwa atunze, akatunza. Mume hakurudi.

Mjomba anataka ziuzwe kwenye duka la vitu vya kale Mji Mkongwe. Mwenye duka yuko tayari, ila atazinunua moja moja. Kamba haina bei. Bibi amekataa, nami niko upande wake.

Vitabu ninavyosoma huzipanga sarafu za Kajengwa kwa majina ya wafalme waliozitoa. Mimi siku hizi namfikiria zaidi aliyezifukia. Hata kama hazikununua kitu hapa, alizificha kama mtu anayetarajia kurudi kuzichukua.