Kobe na Mfugaji Wake

Mbwa akiumwa hulia. Kuku akiumwa hushusha mbawa na kujitenga na wenzake, na hata mtoto anayepita njiani hutambua kwamba kuku yule si mzima. Kobe huugua kama anavyoishi, yaani kimya, na kwa mwendo uleule wa polepole unaotuchekesha katika hadithi zake na sungura. Maradhi yaliyomwingia mwezi wa Januari yaweza yasionekane mpaka Juni, na yakionekana huwa yamekwisha mla sana. Kwa hiyo mfugaji wa kobe hawezi kungoja mpaka aambiwe. Hana budi kusoma, na daftari la kusoma haliko mbali: mnyama amelibeba mgongoni.

Watu wengi hudhani kwamba gamba la kobe ni sanduku tu, ambalo mnyama ameingia ndani yake kama mtu aingiavyo nyumbani. Dhana hii imewatesa kobe wengi. Gamba ni mifupa. Uti wa mgongo na mbavu za kobe zimeungana zikafanya kuba moja, na juu ya kuba hiyo pametandazwa vipande vigumu vya kitu kama kucha zetu. Chini ya vipande hivyo damu hupita na maumivu husikika. Nilipata kumwona kobe aliyetobolewa ukingo wa gamba ili afungwe kwa mnyororo chini ya mwembe. Tundu lilikuwa limezungukwa na usaha, na mwenye kumfunga aliniapia kwamba mnyama hakuumia, kwa kuwa hakulia. Wazee husema kimya kingi kina mshindo mkuu, na sijaona pahali ambapo usemi huo wafaa kuliko pale. Kupaka gamba rangi, jambo wanalolifanya wengine kwa kutafuta urembo, nako ni kumdhuru, kwa kuwa rangi huzuia jua, na nyingine ina sumu.

Kabla ya kuendelea sharti niseme neno juu ya haki ya kufuga. Kobe aliyeonekana akivuka barabara huko Voi au Kitui si mali ya aliyemwona. Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 ilikataza kuweka mnyama wa mwituni pasipo kibali, na kobe wetu wamo katika hesabu hiyo. Mmoja wao, kobe bapa akaaye katika nyufa za miamba ya Kenya na Tanzania, amewindwa mno kwa biashara ya ng'ambo, hata mwaka 2019 mataifa ya mkataba wa CITES yakamhamishia katika orodha yao ya ulinzi mkali kuliko zote. Basi haya ninayoandika ni kwa ajili ya mwenye kibali, na kwa kijana ambaye huenda siku moja akafanya kazi pahali panapotunzwa wanyama waliookolewa. Si ruhusa ya kwenda porini na kikapu.

Mjomba wangu wa Limuru alikuwa na kibali. Kobe alimpata kwa rafiki aliyehama nchi, akafuata taratibu zote mpaka karatasi zikaandikwa jina lake. Alikuwa ni kobe wa madoa, yule ambaye mgongo wake mweusi na wa manjano hufanana na ngozi ya chui, naye ni mwenyeji wa nchi kavu yenye joto. Limuru si nchi ya namna hiyo. Mji ule uko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 2,000, na mwezi wa Julai ukungu hushuka asubuhi, ukakaa kama mgeni asiyejua saa ya kuondoka. Katika mwezi huo kobe aliacha kula. Kisha pua ikaanza kutoa kamasi yenye mapovu, na pumzi yake ikawa na sauti ya filimbi ndogo.

Majirani walikuja na mashauri. Mmoja alishauri maji ya kitunguu saumu yatiwe puani. Mwingine, mfugaji mwema wa mbuzi, alileta chupa ya dawa ya minyoo iliyobaki, ivamektini, akaiacha mezani. Mjomba alikuwa bado anaitazama chupa ile wakati daktari wa mifugo alipofika, mwanamke wa makamo mwenye maneno machache. Jambo lake la kwanza lilikuwa kuiondoa chupa mezani. Alisema kwamba dawa ile imeokoa mbuzi na ng'ombe wasiohesabika, lakini kwa kobe ni sumu iwezayo kumpoozesha na kumwua.

Jambo la pili lilinishangaza zaidi. Hakumgusa kobe. Aliinama akaigusa sakafu.

"Analala hapa, mzee?"

"Hapo hapo, daktari. Ni saruji, pasafi kabisa."

"Huoga?"

"Kobe aoge?"

"Na chakula chake?"

"Hula tunachokula sisi. Mkate na maziwa, wali, maharagwe, kabichi. Kwangu hakuna anayelala njaa."

Katika majibu hayo matatu ugonjwa wote ulikuwa umekwisha elezwa, na kila jibu lilitoka katika moyo wa mapenzi. Hili ndilo jambo gumu katika kufuga kobe. Mnyama huyu hauawi na ukatili peke yake. Huuawa pia na ukarimu usioijua asili yake.

Kwanza saruji. Kobe hana moto wake wa ndani kama sisi. Joto la mwili wake hufuata joto la pahali alipo, na bila joto hakuna kiungo chake kitendacho kazi sawasawa. Tumbo husimama, chakula hukaa humo na kuchacha, na nguvu za mwili za kupigana na maradhi hulala. Hata sindano ya dawa haifanyi kazi yake vema ndani ya mwili wa baridi. Ndiyo sababu daktari aliagiza joto siku ile ile, kabla ya sindano: sanduku kubwa la mbao lililoinuliwa juu ya sakafu, nyasi kavu ndani yake, na taa ya joto juu ya upande mmoja tu, ili mgonjwa ajichagulie mwenyewe pa kukaa. Mapovu ya puani aliyaogopa kuliko mjomba alivyoyaogopa. Kobe hawezi kukohoa kama sisi, kwa maana hana ule msuli mpana chini ya mapafu ambao sisi tunao. Hivyo uchafu uingiapo katika mapafu yake hauna njia rahisi ya kutoka. Kobe apumuaye kinywa wazi huku akinyosha shingo amefika mbali, wala hafai kungojewa mpaka kesho.

Pili maji. Mjomba, kama watu wengi, aliamini kwamba mnyama wa nchi kavu hana haja ya maji. Daktari alimtia kobe katika beseni la maji ya vuguvugu yaliyofika chini ya kidevu, akamwacha kama dakika 20. Kobe alishusha kichwa akanywa, akanywa tena, kisha akakojoa. Pamoja na mkojo ulitoka uchafu mweupe, naye daktari aliuchukua kwa vidole akausugua. Kama ungekuwa laini, alisema, asingekuwa na hofu. Lakini ulikwaruza kama mchanga, na hiyo ndiyo dalili ya kiu ya siku nyingi. Mchanga huo ukiachwa huweza kufanya jiwe kibofuni. Sijui kama kuna kipimo kingine cha bei nafuu kuliko hiki, ingawa nakiri si kipimo cha kuzungumziwa mezani.

Tatu chakula. Kobe wa madoa ni mla majani makavu na mabichi, na tumbo lake limeumbwa kwa nyuzi nyingi na utamu kidogo. Nyasi ndizo ugali wake. Juu ya nyasi apewe yale majani ambayo watoto wa bara hukatia sungura, mchunga na mukengeria, na mpungate uliotolewa miiba. Mkate, wali, maziwa na nyama si vyakula vyake hata kidogo. Matunda matamu humharibu tumbo. Spinachi ya kila siku huifunga kalsiamu isimfae, na bila kalsiamu gamba hulegea. Walakini kalsiamu peke yake haitoshi. Mwili huitumia kwa msaada wa vitamini D, na vitamini hiyo kobe huitengeneza ngozini kwa miali ya jua isiyoonekana kwa macho. Miali hiyo haipiti katika kioo cha dirisha. Kwa hiyo kobe anayeota jua nyuma ya dirisha lililofungwa hupata joto na kukosa dawa.

Uponyaji ulichukua wiki nyingi. Daktari alirudi na sindano zake mara kadhaa, na mjomba alipewa kazi moja ambayo aliikuza ikawa ibada: kila Jumapili alimbeba kobe hadi duka la viazi, akampima katika mizani, akaandika uzito katika daftari la hesabu. Watu walicheka, naye akawaacha wacheke. Uzito ukishuka wiki mbili mfululizo, mfugaji amepata habari ambazo macho yake yangempa baada ya miezi.

Lakini si kila kitu kilirudi. Mgongo wa kobe yule una matuta, kila kipande kimeinuka kama kichuguu, badala ya kuwa kuba laini. Mjomba aliyapenda matuta hayo, akidhani ni uzuri wa kabila lake. Daktari alimweleza kwamba ni kumbukumbu ya utoto usio na unyevu wa kutosha, pengine tangu mikononi mwa mwenyewe wa kwanza. Zamani lawama yote ilitupiwa chakula chenye nguvu nyingi. Ila utafiti uliochapishwa mwaka 2003, juu ya kobe wachanga wa jamii nyingine ya Afrika, ulionyesha kwamba ukavu wa hewa huinua matuta hayo zaidi kuliko chakula. Gamba likisha kukua hivyo halitengenezeki. Kipya kitakachoota chaweza kuwa laini. Cha kale hubaki kilivyoandikwa.

Mdomo una bahati nzuri zaidi. Katika kisiwa cha St Helena, kusini mwa bahari ya Atlantiki, kuna habari mashuhuri ya kobe mkubwa aitwaye Jonathan. Aliletwa kule mwaka 1882 akiwa mzima kabisa, na kwa hiyo hukisiwa kwamba alizaliwa karibu na mwaka 1832. Katika uzee wake alipofuka, akapoteza na uwezo wa kunusa, na mdomo wake ukawa butu hata asiweze kukata nyasi vizuri. Alikuwa anakonda mbele ya macho ya wageni waliokuja kumpiga picha. Daktari wa mifugo wa kisiwa, Joe Hollins, alitambua kwamba mzee yule alikuwa na utapiamlo, akaanza kumlisha matunda na mboga kwa mkono. Mdomo ukaota upya, ukawa mkali. Mwaka 2022 Jonathan aliandikwa katika kitabu cha rekodi za Guinness kuwa kobe mwenye umri mkubwa kuliko wote waliopata kujulikana. Msomaji makini ataona kwamba matunda niliyoyakataza juu ndiyo yaliyomwokoa Jonathan. Mgonjwa mmoja si kanuni ya wote, na jamii moja ya kobe si jamii nyingine.

Yako mawili mengine ya kusema upesi. Kobe aonekanaye mzima aweza kubeba vijidudu vya salmonela, vinavyoumiza tumbo la binadamu. Marekani ilikataza mwaka 1975 uuzaji wa kasa na kobe wadogo wenye gamba lisilofika inchi 4, kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia kinywani. Dawa ni sabuni na maji baada ya kumshika. Na mfugaji aliyechoka asimwachilie kobe porini kwa kudhani anampa uhuru. Katika jangwa la Mojave ugonjwa wa njia ya pumzi ulienea kati ya kobe wa mwituni, na wataalamu walishuku kwamba waliofugwa kisha wakaachiliwa walichangia kuueneza. Amrudishe kwa wenye mamlaka.

Jambo linalomsumbua mjomba sasa si pua wala mdomo. Ni hesabu ya miaka. Huko Uingereza, padri Gilbert White alimrithi kobe Timothy kwa shangazi yake mwaka 1780, akamsafirisha kwa gari la farasi mwendo wa maili 80, akampima na kuandika habari zake mpaka alipofariki mwaka 1793. Timothy aliishi mwaka mmoja zaidi, na baadaye gamba lake lilipochunguzwa ikajulikana kwamba alikuwa jike. Mjomba ana miaka 74, na kobe wake huenda hajafika nusu ya maisha yake. Ameandika barua kwa ofisi ya wanyamapori kuuliza kibali huhamishwaje kwa mtu mwingine. Binti yake amekubali kumpokea mnyama, lakini hukaa ghorofa ya nne jijini Nairobi, ambako hakuna udongo wala nyasi. Amemwambia baba yake kwamba atamchukua siku atakapopata kiwanja chenye jua. Mjomba amejibu kwamba kobe hana haraka. Mwenye haraka ni yeye.