Sikio la Kulia

Alhamisi, 26 Oktoba 2023. Saa nane usiku

Mvumo umeanza tena. Vuu, vuu, vuu. Kulia tu. Nikilalia ubavu huo mto wote unapiga pamoja nao. Mvua imekatika, umeme hamna, hata vyura wa majarubani wamenyamaza, na ndiyo shida yenyewe. Nje kukitulia, ndani kunazidi.

Nimeshika mshipa wa mkono kwa vidole viwili. Pigo hapa, vuu kule. Nimeshika tena. Sawasawa kabisa.

Basi ni damu yangu mwenyewe ninayoisikia. Mbona hilo linanitisha kuliko lingekuwa dudu limeingia? Dudu hutolewa.

Ijumaa, 27 Oktoba

Sukari kabla ya chai 9.8. Juzi 8.1. Nisipolala hupanda, nalijua hilo, na anayeninyima usingizi ni sikio. Sasa nianzie wapi?

Wifi amekuja na mafuta ya kitunguu saumu yamepashwa moto, anataka anidondoshee. Nimemshukuru, nimekataa. Ameondoka amenuna kidogo. Nia yake njema, Mungu amlipe. Lakini sikio halina usaha, haliwashi, haliumi. Mafuta yatazimaje kitu kinachokwenda na moyo?

Jumapili, 29 Oktoba

Nimeshinda barazani nakumbuka milio yote niliyowahi kuwa nayo masikioni.

Wa kwinini naujua. Nani aliyekulia bonde hili asiujue? Ukitundikiwa dripu ya kwinini masikio yanalia nziii, hayapumziki, mpaka dawa ikuishe mwilini. Wa korona, mashine ya mkonge, naujua pia. Zamu imekwisha, mkonge umeanikwa, mashine umeiacha kule, lakini mlio wake umekuja nao hadi kitandani. Wenzangu wengine wa korona wanao mpaka leo.

Halafu ule wa sukari kushuka: jasho, mikono inatetemeka, moyo unadunda mpaka masikio yote mawili. Nikilamba asali, baada ya muda kwisha.

Huu haufanani na hata mmoja. Wa kwinini na wa korona ni uzi mmoja mrefu. Huu unahesabu. Nikipanda kile kilima cha kwenda shule unahesabu mbio. Nikikaa, polepole. Hauniachi ila mchana watu wakiwa wengi, na hapo naona kama nimepona, nacheka nao, kumbe.

Jumatano, 1 Novemba

Nimekwenda kupima. Sitaki hata kuandika.

Aliyenipokea hakuinua kichwa. Nimesema, nasikia mapigo ya moyo sikioni, usiku hasa, upande mmoja. Akaandika "maumivu ya sikio". Sikusema maumivu! Nikarudia. Akasema, "Mama, ni umri huo," akanipa matone.

Matone ninayo hapa mezani. Chupa ndogo. Nimekaa naitazama na koo limenikaba. Nimeishi na kisukari muda mrefu, najua mwili wangu unavyosema. Nilichotaka ni mtu asikilize.

Jumamosi, 4 Novemba

Mwanangu kapiga simu. Shikamoo yake tu imenitosha, nikaanza kulia, masikini akafikiri kuna msiba. Nikamweleza. Kanyamaza kidogo, kisha maswali mfululizo: Unakwenda na moyo au hauendi nao? Sikio moja au yote? Ukiinama unabadilika? Kichwa kinauma? Macho yanaona vizuri? Presha ilipimwa lini?

Akasema, "Mama, wa namna hiyo usipuuzwe. Nenda Korogwe, kliniki ya kisukari. Waombe wakusikilize shingo."

Shingo! Nimeuliza mara mbili. Sikio linaumwa shingoni?

"Mishipa mikubwa inayopeleka damu kichwani inapita hapo, mama. Na kisukari ni ugonjwa wa mishipa."

Nimelala na hilo. Miguu nimeichunga, macho nimepimwa, vidonda naviogopa kama kila mtu. Masikio hakuna aliyewahi kunitajia.

Alhamisi, 9 Novemba. Usiku

Barabara tope tupu, mvua hizi za El Niño zimeichimba vibaya. Lwengera umejaa mpaka kingo. Bodaboda, kisha basi, nimefika Korogwe nimelowa hadi magoti. Foleni. Nikapimwa: presha 162 kwa 94. Sukari 10.4. Damu 10.2. Mkojo una protini.

Daktari kijana. Aliinuka kitini kunisalimia. Akatazama masikio kwa taa yake: safi, ngoma nzima. Akasikiliza kifua. Halafu, kabla sijaomba, akaiweka stetoskopu shingoni. Kushoto kwanza. Kisha kulia, chini ya taya. "Zuia pumzi kidogo, mama." Akakaa hapo. Akakaa sana. Nikawa naona macho yake yametulia sakafuni, anasikiliza kweli.

Akasema, "Naisikia."

Sikuweza kujibu. Machozi yalikuja yenyewe. Nimekesha nayo peke yangu, kumbe ilikuwepo, mtu mwingine anaweza kuisikia! Alinipa kitambaa cha karatasi, akangoja. Nimwombee kila la heri kijana yule.

Maneno yake niyaweke hapa kabla sijayasahau. Sukari yenyewe haina sauti. Ila ikikaa juu miaka na miaka inadhuru kuta za mishipa kwa ndani, mafuta yanaganda humo, na presha ikipanda inaongeza. Njia inakuwa nyembamba. Damu ikifika penye upenyo inakimbia na kuvurugika, na hapo si mbali na sikio. Nikauona Lwengera niliouvuka asubuhi: ulipotanda ulikuwa kimya, ulipobanwa chini ya daraja ukanguruma.

Lakini hakutaka nishike sababu moja tu. Damu ikipungua inakuwa nyepesi, moyo unaisukuma mbio, na hilo nalo huvuma. Metfomini ya miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12, damu ikashuka. Figo zikichoshwa na sukari, damu inashuka vilevile, na ile protini kwenye mkojo haikumpendeza. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi, hivyohivyo. Na huenda kisukari hakihusiki: wapo wenye mishipa iliyoungana pasipostahili karibu na sikio, wapo wenye uvimbe mdogo nyuma ya ngoma. Ndiyo maana lazima ipimwe. Mtu asiambiwe umri.

Nimemuuliza, nikibonyeza shingo hapa nitauzima? Akakataza kwa ukali, ukali wa kwanza niliouona kwake. Usibonyeze kabisa.

Jumanne, 14 Novemba

Siku ya Kisukari Duniani. Redio tangu asubuhi. Ndiyo siku aliyozaliwa Frederick Banting, 1891. Mwaka 1921, kule Toronto, yeye na mwenzake Best walipata insulini, na Januari 1922 akachomwa sindano yake mvulana wa miaka 14 aliyekuwa anakwisha kitandani. Akaishi miaka mingine 13. Nimewaza mama wa yule mtoto. Nimemuwaza sana.

Mtaalamu kasema miaka ya 80 walipopima watu katika vijiji kadhaa vya nchi hii, wenye kisukari hawakufika mmoja katika kila mia. Utafiti wa taifa wa 2012, watu wa miaka 25 hadi 64: tisa katika mia. Na wenye presha ya juu, mmoja katika kila wanne. Sikushangaa. Kwenye gulio letu tunajuana kwa anayekataa sukari kwenye chai.

Miguu wameitaja, macho, figo, moyo. Nikawa naisemesha redio: taja na masikio basi. Hawakutaja.

Sikio leo: lipo. Dogo kidogo baada ya vidonge vipya vya presha, au natamani iwe hivyo.

Ijumaa, 17 Novemba

148 kwa 88. Inashuka! Sukari 7.6, na jana usiku nilikula bada nusu ya kawaida na mchunga mwingi.

Mvumo haujaondoka. Saa tisa uliniamsha. Nikashika mkono kwa mazoea, ukaenda nao. Sikuogopa kama mwanzo, ila hofu nyingine imekaa mahali pake, ya kiharusi. Mshipa wa shingo ukiziba sehemu, kipande kikang'oka kikapanda kichwani. Nisijidanganye, hilo ndilo ninaloliwaza. Nimewakalisha wa nyumbani baada ya swala ya Ijumaa, nikawaambia: mkiona mdomo wangu umekwenda upande, mkono hauinuki, maneno yanakokota, msinipeleke kuombewa kwanza, msingoje kukuche, bodaboda mara moja. Wifi aliitikia wa kwanza. Amekwisha samehe yale mafuta.

Jumatatu naenda Tanga, altrasaundi ya mishipa ya shingo. Wakishindwa huko, mwanangu anasema KCMC, Moshi. Nauli ipo, kuku wawili wameuzwa. Nichukue daftari la sukari, karatasi za damu, kadi ya kliniki, na miwani, nisisahau miwani. Nimuulize daktari kuhusu B12, kama ni sindano au vidonge. Nimuulize figo. Na kama mshipa umebana kweli, umebana kiasi gani, na wanafanya nini katika kiasi hicho. Akianza kuandika kabla sijamaliza, nitamwomba asubiri.