Kanu wa Soko la Kenyatta

Msomaji, huenda nawe umepata kumcheka mwenzako kwa kudhani umemzidi elimu. Mimi nilifanya hivyo mbele ya darasa zima.

Mwanafunzi wangu mmoja alisema kwamba usiku uliopita alimwona rakuni juu ya mabati ya Soko la Kenyatta, hapa Nairobi, akiinyemelea mifupa iliyoachwa na wachoma nyama. Nikamjibu kwa kejeli kwamba rakuni ni mnyama wa Amerika, na kwamba yeye alimwona paka tu. Darasa likaangua kicheko. Kijana akaketi kimya.

Siku chache baadaye, alfajiri, nilimkuta mnyama amegongwa na gari kando ya barabara ya Mbagathi. Mkia wake mrefu ulikuwa na pete nyeusi, chini ya macho palikuwa na mabaka meupe, na mwili wake ulijaa madoa. Niliinama nikahesabu vidole vya mguu wa nyuma: vitano. Paka ana vinne. Nikamfunua kinywa kwa kijiti, nikahesabu meno: 40. Paka ana 30.

Huyo alikuwa kanu, wa jamii moja na fungo. Rakuni naye ana pete mkiani, vidole vitano kila mguu, na meno 40. Basi kijana hakukosa macho, alikosa jina tu. Lakini usidhani kwamba kufanana ndiko udugu. Rakuni hukanyaga kwa wayo kama dubu, wala makucha yake hayarudi ndani. Ya kanu huweza kurudi, kwani ukoo wake u karibu zaidi na ule wa paka. Hata Linnaeus, bingwa wa Uswidi, mwaka 1758 alimtia rakuni katika kundi la dubu. Ndipo mwaka 1780 Storr, Mjerumani, akampa kundi lake mwenyewe. Elimu haioni haya kujisahihisha. Kwa nini mwalimu aone?

Jumatatu nilisimama mbele ya darasa lile lile nikamwomba radhi kijana yule. Alinitazama kitambo, kisha akauliza, "Mwalimu, na miguu ya mbele ulihesabu?"

Sikuwa nimehesabu. Safari hii hakuna aliyecheka, nami nilifurahi kuulizwa. Nawe, msomaji, kabla hujamcheka mtu, hesabu kwanza vidole.