Sevu ya Pili

Tenisi niliijua nikiwa muokota mipira katika klabu moja ya Arusha. Mchana, wanachama wakishaenda kula, mlinzi alijifanya hatuoni, nasi tukaingia uwanjani na raketi zilizokatika nyuzi. Makocha wengi wa rika langu Afrika Mashariki walipitia mlango huo huo. Wengi wanaihadithia njia hiyo kwa uchungu, nami sibishi, lakini ilinipa kitu ambacho hakuna kozi iliyonipa baadaye: macho. Muokota mipira anayesimama kando ya wavu hutazama bega na kiuno cha mpigaji, na anajua mpira utaangukia wapi kabla haujagongwa. Asipojua, atachelewa na atafokewa. Mpaka leo, mtoto mpya akiletwa kwangu, siangalii kwanza mkono wake. Naangalia miguu yake inaanza kwenda lini.

Nilipoanza kufundisha, mafunzo yalikuwa ya foleni. Kocha na kapu lake la mipira upande mmoja, watoto kumi upande wa pili, na kelele moja kutwa nzima: raketi nyuma, geuka, piga, malizia begani! Mtoto alitoka pale ana fohendi ya kupendeza kwa mpira unaorushwa na kocha mahali pale pale, kwa kasi ile ile. Siku ya mechi mpira unakuja mrefu, mara mfupi, mara wa juu, na yeye anangoja ule aliouzoea.

Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF, lilizindua kampeni ya Play and Stay mwaka 2007, ikaja na mipira ya polepole: mwekundu, wa chungwa, kisha wa kijani. Tangu 2012, mashindano ya watoto wa miaka 10 kushuka chini hayachezwi tena kwa mpira wa kawaida wa njano. Baadhi ya wakubwa wetu waliona ni kudekeza watoto. Mimi niliipokea kwa mikono miwili, kwa sababu nilikuwa nimeshaona kinachompata mtoto wa miaka saba akipewa mpira wa njano. Unadunda hadi usawa wa kichwa chake, na ili aufikie anausogeza mkono chini ya mpini mpaka kiganja kinatazama juu. Mshiko ule ukishaota mizizi, kuung'oa ni kazi ya miaka. Mpira mwekundu unadunda kiunoni, na mtoto anapiga akiwa amesimama vizuri, tena anabadilishana na mwenzake mipira sita, saba, nane. Hapo ndipo anaanza kucheza tenisi.

Ila kama ningeruhusiwa kupigania jambo moja tu, ningepigania sevu, hasa sevu ya pili. Ndilo pigo pekee ambalo mpinzani hawezi kuliingilia. Pia ndilo linalofundishwa vibaya kuliko yote, kwa sababu sevu mbaya inashinda mechi za watoto. Mtoto anashika raketi kwa mshiko wa fohendi, anausukuma mpira kwa uso wa raketi uliotazama mbele, unaingia taratibu, na mpinzani mwenye miaka kumi hana nguvu ya kuuadhibu. Kikombe kinakuja nyumbani. Akifika miaka 14, wapinzani wameongezeka urefu na nguvu, na ule mpira mlegevu unapigwa kama zawadi.

Hesabu yake iko wazi. Wavu katikati una sentimita 91 na ushee. Kutoka mstari wa nyuma hadi mwisho wa boksi la sevu ni mita 18.29. Ili mpira uende kwa mstari ulionyooka, uvuke wavu na utue ndani, lazima ugongwe ukiwa zaidi ya mita 2.6 kutoka ardhini. Ni mtoto gani anafika huko? Kwa hiyo hana budi kuupandisha mpira kisha ushuke, na kinachoushusha kwa kasi ni msokoto. Msokoto unataka mshiko wa kontinentali, raketi ikishikwa kama shoka, na kigasha kijigeuze kuelekea nje wakati wa kugonga.

Nilikuwa nikimfundisha binti mmoja Dar es Salaam. Alikuwa akishinda, kisha nikambadilisha mshiko akiwa na miaka 11, na msimu mzima akawa anapoteza kwa dabo folti. Mama yake akanifuata pembeni ya uwanja.

“Shikamoo, kocha. Mwanangu zamani alikuwa anaingiza sevu zote. Tangu umbadilishe mkono anawapa wenzake pointi za bure.”

“Marahaba, mama. Ni kweli usemayo. Lakini simrudishi kule. Naomba univumilie mwaka huu na ujao.”

Alinivumilia, na si wazazi wengi wanaoweza. Binti yule nilimpigisha magoti kwenye mstari wa boksi la sevu, taulo chini kwa sababu saruji ya Dar inachoma, apige sevu kutoka pale. Ukiwa umepiga magoti, wavu unakuwa mrefu kwako. Usipousugua mpira kwenda juu, hauvuki. Nilimwambia asijali unapotua, asikilize. Mpira uliogongwa bapa hulia “pa!” Uliosuguliwa hutoa mkwaruzo mfupi. Alipoanza kuutofautisha kwa sikio, mkono ulifuata wenyewe. Akiwa na miaka 14, sevu yake ya pili ilikuwa inawarukia wapinzani mabegani, na alikuwa akiipiga kwa mkono uliolegea hata akiwa nyuma 30-40.

Mwaka 2022 Angella Okutoyi, binti wa Kenya aliyelelewa na bibi yake Nairobi, alitwaa ubingwa wa wasichana wawili wawili Wimbledon pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Fainali waliwashinda Kayla Cross na Victoria Mboko wa Kanada 3-6, 6-4, 11-9. Mboko, ambaye wazazi wake wanatoka Kongo, mwaka 2025 alichukua taji la wakubwa la Canadian Open. Nawaonyesha watoto wangu matokeo yale kwa sababu ya ile 11-9 ya taibreki ya mwisho. Tofauti ilikuwa pointi mbili, na pointi za namna hiyo hazichezwi vizuri na mtu aliyezoea mazoezi tu. Vipaji tunavyo. Wanachokosa watoto wetu ni mechi: wenzao wa Ulaya wanacheza kila wikendi, wa kwetu wanangoja mashindano ya likizo.

Ndiyo maana Jumamosi sishiki kapu la mipira. Napanga mechi fupi, za kufika gemu nne, wakubwa kwa wadogo, na kila mchezaji ana sevu moja tu, hakuna ya kwanza. Wanahesabu pointi wenyewe, wanaamua mipira ya mstarini wenyewe. Wazazi nawaomba wakae upande wa pili wa uzio.